Showa, Mwaka wa Mia

Mzee alikuwa mwalimu wa fasihi kwao Japani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa ndevu kila asubuhi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huku Woolwich. Mimi nanyoa, yeye ananisomesha. Alinieleza kuwa kwao kila enzi ya mfalme hupewa jina, na jina lenyewe haliokotwi barabarani. Wasomi huchambua vitabu vya kale, wakachomoa humo herufi mbili. Kwa karne nyingi walichota kwa Wachina. Showa, enzi aliyozaliwa, ilitoka kwenye maneno ya Kichina kuhusu mataifa kupatana. "Na vita vikaja humo humo," aliniambia akicheka. Hii ya sasa, Reiwa, ilitolewa kwenye mashairi yao wenyewe, penye habari za maua ya miplamu.

Mwezi wa tatu akaja mama mmoja wa idara ya afya kumpima kumbukumbu. Mzee akifeli, anapelekwa mbali, nyumba ya milango ya kufungwa, na mkewe, anayeishi naye hapa, anabaki peke yake chumba cha pili. Miaka hamsini na nane ya ndoa! Niliogopa kuliko wao.

"Huu ni mwaka gani?"

"Showa, mwaka wa mia," akajibu bila wasiwasi.

Yule mama akatia alama ya kosa.

Nikawaka. Siruhusiwi kusema kitu wakati wa kipimo, lakini nilisema. "Hesabu tangu Showa ilipoanza! Huu ndio wa mia. Mzee hajakosea."

Akatafuta kwenye simu, akahesabu, akakubali. Kalamu ikarudi kwenye karatasi, nami nikataka kumkumbatia. Kisha akamgeukia mzee, kwa upole kabisa.

"Lakini Showa si iliisha zamani? Sasa ni enzi gani?"

Jamani, mdomo wangu! Ningenyamaza, angekosa swali moja tu. Mzee alinitazama mimi, si yeye. Nikatamka Reiwa kwa midomo, bila sauti, Reiwa, Reiwa, huku nikimwomba Mungu.

"Imeisha?" akaniuliza. "Mfalme amekufa?"

Akaanza kulia, akataka kuinuka akampe mkewe habari za msiba. Yule mama akakusanya karatasi zake.

Alhamisi nilimfungia mzee sanduku la safari mimi mwenyewe. Mkewe alikaa kitandani akinipa soksi mojamoja, kila moja akiikunja upya.