Okidi ya Baba na Udongo wa Kichuguu

Mizizi ya okidi ikioza hunuka kama maji ya muhogo ulioloweshwa ukasahauliwa. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, narudi uani kwetu Lusangi, mtoto wa miaka minane. Baba aliibandua okidi yake, mmea wa maua, kwenye mti ulipoota msituni, akaiweka ndani ya sufuria kuukuu aliyoitoboa kwa msumari, akaishikiza kwa magome na vipande vya makaa, bila udongo hata kidogo. Asubuhi ya kwenda kuchimba dhahabu Salamabila aliitundika barazani, akaniambia, "Siku itatoa maua, mi niko hapa nyumbani." Baba alikuwa mtu wa mizaha, lakini mimi niliyashika maneno yale kama ahadi.

Miezi ikapita, maua hakuna, baba hakuna. Mizizi ilining'inia nje ya sufuria, myeupe, nikaionea huruma kama mtu aliyevuliwa nguo. Kwetu kila kitu hufukiwa ndipo kikue: muhogo, karanga, mahindi. Basi nikachota udongo wa kichuguu, ule mama aliousifia kwa nyanya zake, nikaufukia mmea mpaka shingoni, nikawa naumwagilia maji kila siku kwa siri. Nilitaka kumharakisha baba.

Majani yalipolegea, mama aliipindua sufuria, nami nikakiri huku nalia. Hakunipiga, heri angenipiga. "Mwanangu, hii haiko muhogo," alisema taratibu. "Mizizi yake inataka hewa." Akaiosha, akakata iliyooza kwa wembe, akapaka majivu kwenye vidonda. Ilibaki mizizi miwili tu iliyokuwa migumu. Akairudishia magome na makaa mapya, akanikataza kutia maji kabla hayajakauka.

Ilichanua nikiwa na miaka kumi. Nilikimbia barabarani, nikakaa nikitazama kila pikipiki iliyotoka Salamabila, na roho ikiniuma kila ilipopita. Jua lilipokuwa linazama nilishangaa kwamba mama hajaniita. Nilipogeuka, nilimkuta amesimama nyuma yangu, amevaa kitenge alichonunuliwa na baba.

Sasa naishi Kasongo. Siku hizi mtu hupigiwa simu hata akiwa machimboni, lakini baba hatukupata kamwe habari zake, na mama ameshafariki. Okidi ninayo. Kila magome yanapochakaa naibadilishia, nakata mizizi iliyokufa, na binti yangu huniuliza kwa nini siifukii vizuri. Ikichanua, sikimbilii tena barabara. Navaa kitenge cha mama, nakaa mlangoni.