Nani Anazima Waya wa Ng'ombe?

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, mkono wangu wenyewe unakwenda kushika mkoba. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata kuku wangu akitaga yai kubwa nitauliza jogoo ni wa nani. Alikuwa akicheka peke yake, kwa sababu jogoo yule kweli alikuwa wa jirani.

Ninafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga mjini Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Mashine yetu ni chuma kitupu, na msimu wa mvua ilikuwa ikipiga watu shoti. Siku moja mama mmoja aliinama kukinga unga wake, akagusa chuma, akaruka na mfuko ukammwagikia kichwani. Akabaki mweupe mwili mzima, macho tu yakipepesa. Badala ya kutazama mashine, aligeuka akamzaba kofi mwanaume aliyesimama nyuma yake na gunia la mahindi.

"Kwa nini wewe nafinya mimi?"

Yule bwana, maskini, alirudi nyuma kujitetea, akaegemea mashine, naye akapata sehemu yake. Akaamini kwamba mama ndiye aliyemfinya ili kulipiza. Wakashikana mashati. Mwenye mashine akatoka ofisini akicheka, akasema hakuna kitu, akaweka kiganja chake juu ya chuma ili watu waone. Tulichoona ni yeye kukaa ndani ya debe la mahindi ya mteja, miguu juu.

Wiki ile nzima watu walisema mwenye mashine ameweka kitu humo cha kuvuta wateja, na kwamba kitu hicho sasa kinadai chakula chake. Mwanamke mmoja wa kanisani akaja na chupa ya maji ya baraka anyunyize. Nilimshika mkono. Nilimwambia aombee kwa mdomo tu, maji ayaache nje, kama hataki na yeye aende mbinguni siku hiyohiyo. Mwishowe aliitwa fundi, akafukia waya ardhini, shoti ikaisha. Maneno hayakuisha. Tangu siku hiyo nimejua kwamba umeme ukimpiga mtu wa kwetu, hatafuti umeme. Anatafuta mtu.

Nilidhani mimi siko hivyo.

Mume wangu alikuwa wa Iyolwa, huko Tororo, na mimi nimezaliwa Sikuda. Aliniachia nyumba, watoto waliokwisha kwenda zao, na ng'ombe ambao jirani zetu waliwaita ranchi kwa kunikejeli. Alipozikwa, wazee wa ukoo walisema suala la ng'ombe na malisho litaamuliwa siku ya kumaliza matanga. Ama ningebaki nao mimi, ama wangewekwa chini ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye nyumba yake inatazamana na malisho yetu. Hakuna aliyenieleza sababu. Kila mtu aliniambia tu nisiwe na wasiwasi, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

Kwa kuwa nilikuwa Busia siku za kazi na Iyolwa siku za mapumziko, niliwaza kitu cha kunilindia ng'ombe. Nikavuka upande wa Kenya, nikanunua fensi ya umeme, ile ya sola, na kijana wa dukani akaja kuifunga. Alivuta waya kuzunguka malisho yote, akaweka mashine yenyewe kwenye kibanda changu cha majembe, akanionyesha swichi.

"Hii haiui, madhe," alisema. "Inakuchapa tu mara moja, unashika adabu."

Ng'ombe walishika adabu siku ya kwanza. Jike kiongozi alinusa waya, akapigwa puani, akatukimbiza sote pamoja na fundi. Mbuzi wa katekista, jirani yetu, alipigwa sikioni, na tangu hapo akipita njia ile alitembea kama mtu anayepita polisi. Shemeji yangu alikuja na gumbuti zake za mpira, kama kawaida yake, kunicheka.

"Shemeji, hii kamba ni ya kuanika nguo?"

Akaushika waya kwa mikono miwili. Gumbuti zilikuwa zimetoboka. Alipiga kelele akimwita mama yake, mwanaume mzima mwenye wajukuu, na mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, akatoka nyumbani kwake mbio na mwiko mkononi akiuliza nani anamuua mtoto wake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Aliutazama ule waya kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi jikoni kwake.

Baada ya muda nikaanza kukuta swichi imezimwa. Narudi kutoka Busia, naingia kibandani, taa ya mashine haiwaki. Nawasha. Wiki nyingine, hivyohivyo. Sikuhitaji kufikiri sana. Nani alifaidika waya ukizimwa? Mtu ambaye ng'ombe wakipotea, atasimama mbele ya wazee aseme, mnaona, mwanamke hawezi. Nilianza kumpikia shemeji chai ya maziwa mengi na kumtazama anavyoinywa. Aliinywa vizuri mno.

Basi nikachukua unga kutoka kazini, ule wa kufagia chini ya mashine, nikaunyunyiza kibandani sakafuni kote. Mara ya kwanza kuku waliula wote. Mara ya pili niliwafungia kuku, na niliporudi nikakuta nyayo. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, ndogo, zikienda mpaka kwenye swichi na kurudi. Nilizitazama kwa furaha kabisa. Shemeji yangu hakosi gumbuti hata kanisani, kwa hiyo niliona jinsi alivyo mjanja: alizivua kwanza. Kwamba mguu wake ni mara moja na nusu ya nyayo zile, hilo sikulitilia maanani.

Nilimuuliza mama mkwe kama ameona mtu akiingia kibandani.

"Mimi sijui mambo ya umeme," alinijibu, akapanguza miguu yake kwenye majani.

Nikajua anamficha mwanawe.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Nilikuwa nimenunua wimbi soko la Tororo, nikapika malwa mwenyewe, kwa sababu pombe ya siku kama hiyo ikipikwa na mtu mwingine, utajibu nini ikimuumiza mtu? Chungu kikawekwa kivulini, na kivuli kilipohama wazee wakahama nacho, wakakivuta chungu hadi karibu na waya wa malisho. Walikaa kuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu ndani ya chungu kimoja. Kwa desturi, aliyepika ndiye anaonja kwanza, watu wakimwona. Nilipiga magoti, nikavuta, nikameza. Ilikuwa tamu. Wazee wakaanza kunywa, na mimi nikawaongezea maji ya moto.

Kaka zangu walikuwa wamekuja kutoka Sikuda na pikapu ya kuazima. Niliona shemeji akiizunguka pikapu ile, akichungulia nyuma, kisha akaenda zake. Baadaye nilipotazama kiti chake pale chunguni, kilikuwa kitupu.

Halafu nikaona makoti. Wazee walikuwa wamesikia joto, wakavua makoti yao na kuyatundika kwenye waya. Walikuwa wameyatundika kwa mikono yao, na hakuna aliyeruka. Waya ulikuwa umezimwa, kiti cha shemeji kilikuwa kitupu, na watu wote walikuwa wamelewa karibu na chungu changu. Nilijua wakati ule ng'ombe wangu wanatolewa upande wa pili. Nilitua birika chini nikaanza kwenda kibandani.

Wakati huohuo mzee wa ukoo, baba mdogo wa marehemu, aliinuka kwenda kujisaidia. Mrija wa malwa haulazwi chini, wala humwachii mwingine. Aliacha ncha yake chunguni, akauegemeza juu ya waya, kando ya koti lake. Mrija ulikuwa umelowa ndani na nje.

Sijawahi kuona wazee wakiinuka vile. Walirushwa wote kwa pamoja, kila mtu akishika midomo, mirija ikiruka hewani. Mmoja alijaribu kutema na ulimi wake ukakataa. Katekista alimtaja Bwana, kisha akataja kitu kingine ambacho sikutegemea kwake.

"Pombe nauma!" mtu alipiga kelele. "Pombe nauma watu!"

Kisha wote wakanitazama mimi.

Nimewahi kutazamwa vibaya, lakini si vile. Yule baba mdogo alirudi akifunga mkanda, akaona mambo, akaninyooshea kidole.

"Wewe naweka nini humu ndani? Hivi hivi ndiyo naua mtoto yetu?"

Waliokuwa wamekula kwangu mwaka mzima walirudi nyuma kana kwamba ningewamwagia pombe ile. Kaka zangu walisogea kuelekea kwenye pikapu. Niliogopa, na nikiogopa huwa nakasirika, kwa hiyo nilipomwona shemeji anatoka kibandani akipanguza mikono, nilipiga kelele kuliko wote.

"Muulizeni huyu! Amezima waya aniibie ng'ombe, na ameweka sumu kwenye pombe yangu aninyang'anye vilivyobaki!"

"Mimi nazima?" Shemeji alisimama kinywa wazi. "Mimi nawasha! Mara nyingine mimi napata imezimwa, mimi nawasha. Nasema ni wewe nazima, ng'ombe yako ikule mtama yangu. Na leo naona kaka zako nakuja na pikapu, nasema ehe, leo nabeba ng'ombe yote. Nakimbia kuwasha."

Tukatazamana. Koti la baba mdogo lilikuwa likitikisika kwenye waya kwa upepo, na mrija wake juu ya waya ulitoa sauti ndogo, tik, tik. Mtu mmoja akautazama, halafu mwingine. Katekista alienda kuugusa mrija ule kwa kidole, akatupwa kitako, na hapo kila mtu akaelewa pombe haikuwa na kosa.

Lakini swali lilibaki, na nililiuliza kwa sauti, kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo. Kama si mimi na si yeye, basi nani anazima?

"Ni mimi," mama mkwe alisema.

Alikuwa amekaa na wanawake, miguu imenyooka mbele yake, mitupu, midogo. Nikaiona. Nilikuwa nimeitazama miguu ile kila siku tangu niolewe.

"Kaburi iko huko ndani," alisema. Hakuwa akisema na wazee. Alikuwa akisema na mimi. "Waya yako napita katikati. Mimi kila siku naenda kusalimia mtoto yangu, na ile siku ya kwanza nashika waya, napigwa hapa kifuani. Narudi nyumbani, nalia. Nasema mtoto amekataa mimi. Hataki mimi nakuja. Halafu naona ng'ombe nayo napigwa. Naona huyu napigwa." Alimwonyesha shemeji. "Basi nasema, aah, si mimi peke yangu. Ndiyo naanza kuzima."

Watu wengine walicheka. Mimi sikuweza. Kaburi la mume wangu liko nyuma ya nyumba, upande wa malisho, na siku fundi alipovuta waya nilimwambia apitishe nje yake ili ng'ombe wa watu wasilikanyage. Nilifikiria ng'ombe wa watu. Geti nililiweka kule barabarani, mbali, mahali ninapoweza kumwona kila anayeingia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Ningekuwekea mlango."

"Wewe ungesema nakuja kuhesabu ng'ombe."

Na kweli, ndivyo ningesema.

Aliinuka, akasogea chunguni, akaokota mrija ulioanguka. Akaupangusa kwa kanga yake, akautumbukiza, akanywa mbele ya wote, muda mrefu, akiwa amefumba macho. Kisha akamvutia baba mdogo kiti chake akae. Wazee wakarudi mmojammoja, wakasogeza chungu mbali na waya, na jioni, wakiwa bado na midomo iliyovimba, wakasema ng'ombe wabaki kwangu, na shemeji asaidie kuwasha.

Wiki iliyofuata nilimwita yule kijana kutoka ng'ambo, akakata waya nyuma ya nyumba ya mama mkwe, akaweka kijilango chenye mpini wa plastiki, njia moja kwa moja hadi kaburini. Nilimfundisha mama mkwe jinsi ya kukifungua bila kupigwa. Na siku ninazokuwa nyumbani nazima swichi mapema, kabla hajatoka kwake, ili asipate shida hata kidogo.

Anatoka asubuhi, na mimi namwona kutoka jikoni. Anafika kwenye kijilango, anasimama, anachuma jani refu la nyasi, anaugusa waya kwa ncha yake na kungoja kuona kama unachapa.

"Mama, nimezima!" namwambia.

"Najua," ananijibu, na anaugusa tena.