Kaffara ya Viatu vya Theluji

Nianze na stoo yetu ya juu ya paa, pale Sib, maana ugomvi wote ulitoka humo. Ni chumba cha matofali kisichokuwa na dirisha, bati juu, na mwezi wa sita ukifungua mlango joto linakupiga usoni mpaka unarudi nyuma. Watu wenye akili zao huweka humo masufuria ya harusini na mazulia ya zamani. Mume wangu aliweka mbao zake mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji, fimbo zake mbili, na viatu vyake vyekundu vya plastiki ngumu, vizito, vyenye vifungo vya chuma ubavuni. Theluji, na sisi tuko Maskati! Wifi yangu alipoviona mara ya kwanza aliniuliza, "Huyu kaka yangu anakwenda navyo mwezini?" Nilicheka naye, lakini wakati huo nilikuwa nshachoka kuvicheka.

Mume wangu alitoka Unguja kijana, akapelekwa Chekoslovakia kusomea uhandisi, na huko wenzake wa bwenini wakamfundisha kuteleza milimani. Tulipooana alikuwa yuko Oman tayari, kapata kazi kiwandani Rusayl. Na alikuwa hasemi. Wallahi simsengenyi, ndivyo alivyokuwa. Akirudi kazini atakula, ataswali, atakunywa chai yake isiyo sukari kwa amri ya daktari, kisha atakaa na gazeti. Zipo siku tulizipitisha kutoka adhuhuri mpaka isha hatujaambiana ila "nipe chumvi" na "umefunga geti?" Watoto walimzoea vile. Mimi sikumzoea.

Isipokuwa wiki moja kwa mwaka. Kila mwezi wa pili, ukiwa si wa Ramadhani, tangu mwanzo wa miaka ya tisini, tulikwenda kwenye mlima ule ule aliojifunzia. Mimi sitelezi, Mungu aniepushe. Mimi kazi yangu kukaa mkahawani, buibui langu na makoti mawili juu yake, chai mkononi, nikingoja watu wamalize kunitazama. Kisha nnamwona kwa mbali anashuka, mwepesi, anapinda huku na huku, mtu ambaye nyumbani hata kuinuka kwenye kiti anaguna. Akifika ananiita kwa jina la utani ambalo Sib halitamki hata kwa bahati mbaya. Na anasema! Ananihadithia bweni lao, babake, Unguja ya utoto wake, mpaka chai inapoa. Mambo mengine nilikuwa mkewe miaka kumi sijapata kuyasikia. Nilikuwa na mume wiki moja kwa mwaka, na nnalisema wazi kwa sababu hiyo wiki ndiyo niliyokuwa nnaipigania. Mengine yote yalikuwa makelele tu.

Sasa vile vitu vikazeeka. Mwaka mmoja, tisini na kitu mwishoni, alikuwa anashuka kwenye viti vya waya vinavyopandisha watu juu, likamdondoka pande la kiatu, kubwa kama kiganja changu. Mzee mmoja anayekodisha vifaa pale aliliokota, akaja nalo mpaka mezani kwangu. Akaonesha kile kipande, akaonesha mguu wake, akafanya mikono yote miwili kama mtu anayevunja kijiti. Halafu akanipeleka nje kunionesha kile chuma kinachoshika kiatu kwenye ubao. Mtu akianguka kinatakiwa kifyatuke, mguu utoke. Cha mume wangu kilikuwa kimeshika kutu ya hewa ya bahari ya Sib, hakifyatuki hata ukipige nyundo. Lugha yake siijui, lakini nilimfahamu neno kwa neno.

Basi nikaanza kazi. Kwanza kwa upole. "Bwana, tununue vipya, hivi vishakutumikia."

"Vinanitosha."

"Basi kodi vya yule mzee, wiki moja tu."

"Sitii mguu wangu kwenye jasho la watu."

Nikajaribu kwa chakula, nikapika vitu vya kwao, boko boko na mkate wa mofa, akala akasema ahsante. Nikamnunia siku tatu. Kumnunia mtu asiyesema ni kazi bure, hakujua kama nimenuna. Nikamletea picha za viatu vipya nilizokatiwa na mwanangu aliyekuwa anasoma Uingereza, akazigeuza upande wa pili akaandikia hesabu za mashine. Nilimwita bakhili. Nilimwita king'ang'anizi. Nikajiambia mtu aliyetoka kwao mikono mitupu akishika kitu hakiachii, ndo maana. Nilimtungia sababu chungu nzima na nikaziamini zote, kwa kuwa nilijiona hakuna amjuaye kunishinda.

Miaka ya elfu mbili ikaingia, vitu vile vile. Ijumaa moja tuko kwenye sinia, sisi na wifi yangu na mumewe, ulimi ukaniteleza. Nilisema, "Mwambieni kaka yenu, anataka kunifanya kizuka, nikae eda, kwa ajili ya viatu vya plastiki." Nilidhani watacheka wanisaidie. Mume wangu alilirudisha tonge sahanini. Akasema, bila kupandisha sauti, "Wallahi, mguu wangu hautoingia kwenye kiatu kingine cha theluji."

Lo! Mikono yote ilisimama. Kwetu jina la Mungu halitiwi kwenye mzaha, na kiapo kikishatoka mdomoni kinakaa nyumbani na nyinyi. Wifi yangu alisema astaghfirullah mara tatu. Yeye akainuka kwenda kunawa. Tangu siku ile nikawa nimefungwa kamba. Nikifungua mdomo tu ananambia, "Nshaapa," na mimi narudi jikoni.

Misimu miwili tulikwenda hivyo hivyo. Mkahawani chai sikuinywa. Kila aliyeanguka kule juu nilisimama kumtazama kama ni yeye. Alikuwa akishuka polepole sasa, kwa njia za chini wanazofundishiwa watoto, na nikafikiri ni utu uzima. Lakini bado alikuwa akifika mezani ananiita jina langu lile, na nikasema bora hivyo kuliko kukosa.

Msimu uliofuata, wiki tatu kabla ya safari, alivishusha viatu kutoka stoo avifute. Nilikuwa nnaanika nguo pale pale juu ya paa. Alikamata kifungo kukikaza, na kiatu kikapasuka mikononi mwake. Hakikuvunjika vipande viwili, kilimong'onyoka kama biskuti kavu, plastiki nyekundu chini kote. Miaka ishirini ya joto la stoo ilikuwa imekila ndani kwa ndani. Akashika cha pili, nacho hivyo hivyo. Yeye mhandisi, na hakupata kufikiri kwamba kitu cha theluji hakiwekwi chini ya bati Sib. Mungu anisamehe, nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Alichutama akavikusanya vipande kwenye mfuko wa rambo. "Basi," alisema. "Yameisha. Mwaka huu hatwendi."

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Niliisikia sauti hiyo vizuri sana. Lakini kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu, kwamba wiki yangu inakwenda na mfuko wa rambo.

"Hatwendi kwa nini? Viatu vinauzwa."

"Nshaapa."

"Kiapo kina kaffara yake!"

Sikumpa nafasi. Nilimtuma mume wa wifi yangu amuulize imamu wa msikiti wetu, akaja na jawabu ile ile ninayoijua tangu chuo cha Kurani: alishe masikini kumi, kiapo kimetoka shingoni. Ijumaa iliyofuata nilipika pilau ya mbuzi, sahani kumi na kachumbari yake, nikazifunga kwa karatasi ya fedha, nikazitia garini, nikamtia na yeye. Tulikwenda Rusayl, nyuma ya viwanda, kwenye kambi za vibarua. Nilimwambia mimi sishuki, kiapo ni chako, utoe kwa mkono wako. Akatoa, moja moja, kwa mikono miwili, kichwa chini. Mzee mmoja wa Kihindi alimuuliza kwa Kiarabu chake cha kuokotaokota kama nyumbani kuna harusi au kazaliwa mtoto. Mume wangu alimjibu, "Viatu." Yule mzee alimwombea dua hivyo hivyo.

Mimi garini nilikuwa nnatabasamu peke yangu. Nimeshinda, bwana wee! Miaka karibu saba.

Wakati huo Dubai walikuwa wameshajenga jumba lao la theluji, na kando yake duka la vifaa. Nikasema hakuna kungoja Ulaya, tutanunua huko, viatu na mbao pamoja. Niliendesha mimi, kutoka Sib mpaka Dubai. Alisema mgongo unamuuma, na kweli miezi mingi sasa alikuwa akipenda niendeshe mimi. Njia nzima nilimsemesha, nikamwambia safari hii nami nitajifunza, nitavaa suruali chini ya buibui nishuke naye. Akacheka kidogo. Nikasema alaa, kumbe hata hapa inawezekana.

Dukani alituhudumia binti wa Kifilipino, mpole, mwenye kuijua kazi yake. Alimpima mguu, akaleta viatu vyeusi, vipya vinang'aa, akavitua mbele yake. Kabla hajasema kitu aliitwa na mteja mwengine, akatuomba dakika moja. Mume wangu hakumngoja. Alitia mguu, akausukuma kwa nguvu, akafunga vifungo, akatia wa pili. Akasimama.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Vizuri. Vizuri khasa."

"Havibani?"

"Havibani popote."

Alitembea mpaka kwenye kioo akarudi, gwa, gwa, gwa, kifua mbele. Nilifurahi mpaka machozi yalinilenga. "Unaona?" nikamwambia. "Miaka yote hiyo umetutesa na vile vigae vyako. Unaona sasa?"

"Naona," alisema.

Binti akarudi. Akamuuliza kama vidole vinagusa mbele. Mume wangu akasema kidogo tu, sawasawa. Yule binti akabonyeza huku na huku, uso ukambadilika, akafungua vifungo akauvuta mguu nje. Akatia mkono ndani ya kiatu mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatoa karatasi. Lile furushi la karatasi linalotiwa ndani ya viatu vipya visibonyee, kubwa kama chungwa. Limekandamizwa bapa, na alama za vidole vitano vya mguu wa mume wangu zimo. Akavua cha pili, akatoa jengine. Alicheka, akajipiga paji la uso, akaomba radhi, kosa langu, kosa langu, hebu jaribu tena. Yeye alidhani mume wangu kaona haya kusema.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Na mimi nilikuwa nnaitazama soksi yake, pale kwenye dole gumba, palipokuwa panaingia damu.

Nilimwambia binti kwa adabu kwamba tutarudi, nikamtia mume wangu viatu vyake vya ngozi mkononi, tukatoka, yeye na soksi, mpaka garini. Nikafungua mlango akakaa kiubavu, miguu nje. Nilichutama pale pale kwenye maegesho, watu wanapita na mikoba yao, nikamvua soksi. Kucha imeinuka nusu. Nikakikamata kidole kile kwa nguvu, kwa makusudi, nguvu ya kuumiza.

"Unasikia?"

"Hapana."

Nikashika cha pili, cha tatu. Nikafinya wayo. Nikapanda.

"Hapa?"

"Hapana."

Nilifika juu ya kifundo ndipo akasema, "Hapo, kidogo."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu. Sukari. Daktari kanambia." Alisema kwa upole, kama yeye ndiye anayenibembeleza. "Mwanzo ulikuwa ubishi wangu tu, kisha ikawa hii miguu. Vile vya zamani nilikuwa nnavijua, nikivifunga tundu la tatu vinashika, sina haja ya kusikia. Vipya lazima mtu akuulize vinabana wapi, na wewe umekaa pale unatazama. Ungejua. Ungejua usingeniacha nende."

Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka kumpiga na kumkumbatia, na sikufanya hata moja. Nilimkasirikia kwa kunificha, na nilijikasirikia zaidi, maana nilikuwa nnalala kitanda kimoja na miguu ile, na katika miaka yote ya kuipigia kelele sikupata kuishika. Nilikuwa nnapigania wiki ile na yeye anaipigania wiki ile ile, kila mtu upande wake, na mimi ndiye niliyemshinda.

Aliniwekea mkono begani. "Mke wangu," alisema, "twende mara moja ya mwisho. Viatu vipo pale dukani, nishapimwa. Wewe utanifungia vifungo, utatazama kwa macho. Nitateleza pale chini tu, mbele ya mkahawa, unione. Siku tatu. Siku moja."

Hajapata kuniomba kitu katika maisha yetu. Na akaniita jina lile, pale Dubai, kwenye jua, bila ya theluji yoyote.

"Hapana," nilisema.

Kisha akavichukua viatu vyake vya ngozi akavaa, kimoja baada ya kimoja, ameinamisha kichwa akiutazama mguu mpaka uingie wote, kwa kuwa asipoutazama hajui kama umeingia. Akaugeuza mwili akakaa vizuri, akafunga mlango. Nikazunguka upande wa pili nikawasha gari, na tulipofika Sib aliniuliza kama nimefunga geti.