Masikio Mekundu

Fundi wa redio za magari hapa mtaani Pioneer, kila anapounga waya za spika za wufa na amplifaya, huacha ncha ya tepu nyekundu imesimama kama sikio la mbuzi, ili atakayefungua asihangaike. Mdundo huupima kwa kiganja juu ya buti la gari, macho ameyafumba.

Jana Munira alileta gari la marehemu babake, lile lililotetemesha madirisha yetu kila jioni akirudi nyumbani.

"Mzee, toa amplifaya zote mbili. Mnunuzi hataki kelele."

Fundi akafungua buti. Masikio yake mekundu ya tepu yalikuwa bado yamesimama. Akalifunga polepole.

"Washa kwanza."

Madirisha yakatetemeka. Mama wa saluni ya jirani akatoka akitabasamu, kisha akakumbuka msiba. Fundi hakuondoa kiganja juu ya buti mpaka Munira naye akaweka chake.