Cha Mvunguni mwa Kirusi

Ngamia yule walimwita Mamkwe kwa sababu mbili: hatazamwi usoni, na haendewi mikono mitupu. Ukisahau la kwanza anakutemea mate. Ukisahau la pili anakupa mgongo, na siku hiyo damu hupati. Ticha alikuwa ameshayaonja yote mawili, na siku moja aliyaonja kwa pamoja.

Ticha lilikuwa jina la utani, ila lilikuwa la haki yake. Kabla hajavaa koti jeupe la maabara alikuwa amefundisha kemia sekondari hadi sauti ikakomaa na vidole vikapauka kwa chaki. Angestaafia huko huko, ila ile homa ya mapafu iliyozunguka dunia ilipita na kwao. Dada yake mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake, mkoba kwapani, akigomba kwamba wanamharakisha bure. Hakutoka. Makaburini Ticha na shemeji yake, mume wa marehemu, walisimama mbalimbali kama walivyoamriwa, hata mkono wa pole hawakupeana.

Kilichomkaa Ticha rohoni ni maneno ya daktari wa wodi. Dawa ya kingamwili ilikuwepo, daktari alisema, ile inayokidaka kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Lakini kirusi kilikuwa kimeshabadilika, na dawa imepitwa na wakati.

"Imepitwa?" Ticha aliuliza. "Dawa nayo inapitwa, kama gazeti la jana?"

Daktari alikuwa ameshaitwa kwenye kitanda kingine. Swali lile Ticha alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Shule zilipofunguliwa aliandika barua ya kuacha kazi, akaomba nafasi ya kusoma baiolojia ya kemikali za mwili chuo kikuu.

Mama yake hakuamini masikio yake. "Mtu mzima na mvi zako, ukakae dawati moja na watoto uliowafundisha?"

"Ng'ombe hazeeki maini, Mama."

"Maini sawa. Na magoti je? Nasikia huko ni ngazi tupu."

Ngazi zilikuwepo, na aibu ndogondogo pia. Mmoja wa waliomwelekeza maabara alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyewahi kutolewa nje kwa kutafuna bigijii kipindini. Kijana yule aliona haya kumkosoa, mpaka Ticha akamwambia, "Nigombeze tu, mwanangu. Deni lilipwe." Wakacheka, kazi ikaendelea. Alisoma akamaliza shahada ile, akashika na nyingine, kisha akapewa meza yake mwenyewe karibu na dirisha, jokofu linalonguruma upande mmoja na beseni la kuoshea vyombo upande wa pili.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Kirusi kina kitu kama ufunguo, na seli zetu zina kufuli. Kinga ya binadamu huukamata ufunguo ule kwa nje, kwenye meno yake, na meno ndiyo kirusi kinayoyabadilisha kila msimu kama kinyonga. Lakini chini ya meno, kwenye kikunjo cha protini, kuna ufa mwembamba ambao kirusi hakithubutu kuugusa, maana kikiubadilisha ufunguo wenyewe haufungui tena. Tatizo ni kuufikia. Kingamwili zetu ni nene, hazipenyi. Ngamia, kwa maumbile yake, ana kingamwili za aina nyingine ndani ya damu yake, ndogo na nyembamba.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimwambia Profesa, mkuu wa maabara, siku alipokwenda kuomba ruhusa. "Sisi siku zote tunatuma wanene wasioweza kuinama."

Profesa alikuwa mtu wa haki lakini si wa kubembelezwa. "Sawa. Na ngamia utamtoa wapi?"

Hapo ndipo Ticha alipomkumbuka shemeji yake. Alikuwa daktari wa mifugo, na zizi alilosimamia halikuwa mbali na chuo. Tangu msiba walikuwa wakijuliana hali kwa simu tu, kila mmoja akiogopa kumliza mwenzake. Ticha alimkuta amejifunga aproni ya mpira, anamkagua ngamia nyayo.

"Shemeji, nimekuja kuposa," alisema.

Mwanamume alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka. "Unaposa nani humu?"

Ticha alimweleza yote. Ngamia hatadungwa kirusi, atadungwa kipande cha protini tu, kisichoweza kumfanya hata kuku augue. Mwili wake utamshangaa mgeni huyo na kumtengenezea kingamwili. Kisha watachukua damu kidogo, na maabara itatoa humo maelekezo ya kutengeneza kingamwili zile na kuwapa bakteria wazifyatue ndani ya chupa. Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Halafu akanyoosha kidole kwa jike mmoja mrefu aliyesimama peke yake, ameinua pua kama aliyeletewa chai ya baridi.

"Mchukue huyo, namwita Mamkwe. Kinga yake ni kali kuliko ulimi wake."

Msimu wa kwanza waliambulia patupu. Ticha aliibandika protini ya kirusi kwenye sahani ya plastiki kama chambo, akamwagia juu yake kingamwili za Mamkwe, akachagua zilizong'ang'ania, akazipeleka kwenye maabara iliyofungwa, wanakofanya kazi na kirusi hai wakiwa ndani ya mavazi yenye hewa yake. Huko walizichanganya na kirusi na kuzimwaga juu ya seli zilizotandazwa kwenye visahani. Baadaye seli hutiwa rangi ya zambarau: zilizo hai hushika rangi, zilizouawa huacha tundu jeupe. Visahani vya Ticha vilirudi vimejaa matundu kama chujio.

"Ticha," Profesa alisema bila ukali, "meza yako inahitajika kwa mradi mwingine. Nakupa msimu mmoja zaidi. Tukilamba garasa tena, tunafunga."

Alirudi mezani, akakaa na mikono mapajani. Hasira zilimjia, kisha zikapoa, ukabaki ule ukaidi wa mtu aliyewahi kusahihisha hesabu za watoto waliopata jibu lisilowezekana. Jibu likiwa la ajabu, rudi kwenye swali. Je, kingamwili zile zilikijua kirusi kweli, au zilijua kitu kingine? Akafanya jaribio la kitoto. Protini ile ile, nusu akaibandika kwenye plastiki, nusu akaiacha inaelea ndani ya maji ya chumvi. Kwenye plastiki kingamwili zilishika kama gundi. Kwenye maji zilipita zake kama hazijawahi kuiona.

"Mungu wangu!" alisema kwa sauti, mpaka mwanafunzi wake wa zamani akaja mbio akidhani ameungua. "Siyo kingamwili zilizokosea. Mimi ndiye niliyeziuliza vibaya! Protini ikigusa plastiki inabonyea, inalala kifudifudi. Nimekuwa natafuta mtu kwa picha ya kisogo chake."

Kuanzia hapo mwendo wake ulibadilika. Aliipachika protini mkia mdogo, akaitundika kwa mkia huo kwenye chembe ndogo za sumaku, ikawa inaning'inia wima majini kama inavyokaa kwenye kirusi chenyewe, ufa uko wazi. Kilichobaki ni damu mpya ya Mamkwe, aliyekuwa ameshaongezewa dozi.

Asubuhi alipofika zizini, mtu wa kushika ngamia hakuwepo.

"Damu nitatoa mimi," shemeji alisema. "Kichwa utashika wewe."

"Mimi? Shemeji, unanitakia mema kweli?"

"Mshike hapa, chini ya taya. Usimtazame. Zungumza naye, hata umsengenye mtu."

Ticha akapiga moyo konde. Alimkumbatia shingo mnyama aliyewahi kumtemea, manyoya yakimchoma shavuni, akaanza kumsimulia habari za Profesa na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Mamkwe alitulia kama mtu aliyekuwa na hamu ya umbea. Sindano iliingia, damu ikajaa kwenye mrija.

"Dada yako angekuona leo angecheka mpaka akae chini," shemeji alisema, macho yakiwa kwenye sindano.

"Angekucheka wewe, uliyempa ngamia jina la mamkwe na mama mkwe wako yuko hai."

"Usije ukamwambia!"

"Anajua zamani. Kaniuliza kama huyo mwenzake anapewa chakula kwa wakati."

Walicheka wote wawili huku machozi yakiwatoka, na hakuna aliyemwogopea mwenzake tena.

Kazi ya kuvua upya ilikwenda safari hii kwa utaratibu. Nyingi zilizokamatwa zilikuwa makapi, Ticha akazitupa. Moja haikukubali kuachia, hata alipoiosha na kuiosha tena kwa chumvi kali. Hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye maabara iliyofungwa.

Simu ililia mchana, Ticha akiwa anaosha chupa. Fundi wa maabara ile, mwanamke mpole asiyezidisha neno, alisema tu, "Njoo kwenye kioo. Mlete na Profesa."

Kupitia dirisha zito walimwona ndani ya vazi lake la bluu, ameshika visahani. Aliinua kwanza kile ambacho hakikutiwa dawa: matundu matupu. Kisha akainua vya dawa, kimoja kimoja. Kirusi cha mwanzo: zambarau. Kirusi cha wimbi lililomchukua dada: zambarau. Kilichofuata, na kilichofuata, na hiki cha mwaka huu kilichozishinda dawa zote: zambarau tupu, toka ukingo hadi ukingo, hakuna hata tundu la kupitisha sindano.

Profesa alivua miwani yake ya uzi, akaifuta, akaivaa tena. "Rudieni," alisema. Wakarudia. Ikawa ile ile. Wakamwomba mtu mwingine arudie bila kumwambia kisahani kipi ni kipi. Ikawa ile ile. Profesa akamgeukia Ticha, akampa mkono, na alipoona mkono hautoshi akamkumbatia.

Ticha alitoka nje, akampigia shemeji. Alipopokea, alimsikia akivuta kamasi.

"Kuna nini? Mamkwe kafanya nini tena?"

"Imeshika, shemeji. Aina zote. Hata ile ya dada."

Sauti ya mwanamume ikasema, "Basi ahsante. Ahsante sana, mdogo wake."

Kutoka kisahani hadi hospitali ni safari, na Ticha aliitembea yote. Kingamwili ilirekebishwa ili mwili wa mtu usiikatae. Ikajaribiwa kwa panya, kisha kwa watu wazima waliojitolea, kisha wodini, ikivutwa kama mvuke kupitia pua. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeletwa akihema kama kiriba kilichotoboka. Siku chache baadaye Ticha alipita nje ya wodi akamsikia anagombana na muuguzi.

"Viatu vyangu viko wapi? Nimewaambia nimepona, nina mageti ya watu!"

Ticha alicheka peke yake ukumbini. Mmoja si ushahidi, alijikumbusha, na wala hakumwambia mtu. Alisubiri hesabu ya hospitali zote, wagonjwa waliopata dawa na wasiopata, ifanywe na watu wasiomjua.

Siku ya matokeo ukumbi wa chuo ulijaa hadi mlangoni. Daktari aliyesimamia majaribio hakupamba maneno. Alisema waliopata dawa mapema, wengi wao sana, walirudi nyumbani bila kufika kwenye mashine ya hewa, na kwamba hakuna aina ya kirusi iliyopatikana katika nchi zote za majaribio iliyoweza kuikwepa. Watu walikuwa wameanza kusimama hata hajamaliza. Ticha aliitwa mbele. Alipiga hatua mbili, na kabla ya makofi, kutoka safu ya pili ambako mama yake na shemeji yake walikuwa wamekaa bega kwa bega, likapasuka shangwe la vigelegele, refu, kali, lisilojali maprofesa, na wanawake wa kila safu wakalipokea.