Wasomaji Wangu na Nyani wa Chemchemi

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya Moshi mjini sikupewa kitabu, nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi. Mkutubi wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alinionyesha rafu za upande wa dirishani akasema, "Rukia, kitabu usichokishika hutakijua. Anza hapo." Nilikuwa binti wa mtaa wa Majengo, baba yangu fundi cherehani, na nilikuwa nimevaa viatu vipya kwa heshima ya ajira. Kufika adhuhuri viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na mimi nimenuna.

Kazi yenyewe nilijifunza hivyo hivyo, kwa mikono. Kuainisha ni kukipa kitabu namba kulingana na mada yake, ili cha kilimo kisilale na cha sala. Kila asubuhi tulisoma rafu, maana yake kupita na kidole kuhakikisha kila kitabu kimekaa pake, kwa sababu kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake hakina tofauti na kilichoibiwa. Siku hizi kompyuta inafanya nusu ya hayo, na wakutubi vijana wananicheka nikiwasimulia habari za kadi za kuazima. Wacheke tu. Kompyuta haijawahi kumwambia msomaji, "Hiki hukukisoma, umekifungua tu."

Baadaye nilihamishiwa Holili, kwenye chumba kidogo cha kusomea pale mpakani. Wasomaji wangu walikuwa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite, watu wanaosoma gazeti la michezo kuanzia nyuma. Msimamizi wa chumba kile alikuwa bwana mpole sana. Aliniambia, "Usiwaulize wamesoma nini, watakudanganya. Waulize hawakukubaliana na nani." Nilijaribu, na kelele zilizotokea siku hiyo zilimleta askari wa mpakani mlangoni. Ndipo nilipoanza kupenda maoni ya wasomaji kuliko vitabu vyenyewe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa tawi la maktaba mlimani, jirani na parokia, katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya kahawa na migomba. Nilikuwa nimeshajenga Rau, kule chini mjini, kwa hiyo nilipanda asubuhi na kushuka jioni. Mimi Mwislamu wa mjini nikawa Mama Maktaba wa Wakatoliki wa mlimani, na sijawahi kukaribishwa vizuri zaidi ya pale. Kila Jumamosi tulikuwa na kikao cha maoni. Tulisoma kitabu kimoja wote, kisha tukakaa kwenye mabenchi tukibishana, na mtori, supu yetu ya ndizi, ukiletwa ubishi ulipungua kidogo.

Ndipo tukafika kwenye kitabu cha nyani. Ni chembamba na cha zamani, kimetungwa kabla sijazaliwa, na kimepita mikono mingi hata nakala yetu ilikuwa haina jalada. Wanyama wa bonde moja, wakati wa ukame, walimpa nyani kazi ya kulinda chemchemi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mikono ya kusogeza jiwe. Kwanza alilinda. Kisha akaanza kuamua nani anywe. Mwishowe wanyama walikuwa wakimshukuru kwa maji, wamesahau kwamba chemchemi ilikuwepo kabla yake. Hata mtoto anajua kwamba kitabu kile hakisemi habari za nyani, kinasema habari za utawala wa mabavu. Basi nilidhani najua kitakachosemwa siku ile.

Wa kwanza alikuwa Mzee Anseli, mkulima wa kahawa, ambaye huja kikaoni akinukia pombe ya mbege kwa mbali. Alisimama akasema, "Mimi namtetea nyani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kabla yake pale palikuwa fujo," akaendelea. "Nyati anakunywa, swala anakanyagwa. Alipokuja nyani kukawa na mpango. Mpango, Mama Maktaba, una gharama yake."

Nikatazama mabenchi nikingoja wampinge. Nusu ya watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali! Mama mmoja akaongeza kwamba wanyama wenyewe walikuwa wavivu, na mwingine akasema afadhali nyani mmoja anayejulikana. Nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Walikuwa ni wale wale, wasomaji wangu.

Aliyeniokoa ni Deo, kijana aliyemaliza chuo akarudi nyumbani kufuga nguruwe huku akingoja ajira. "Samahani wazee wangu," alisema. "Kosa si mikono ya nyani. Kosa ni kwamba aliyeshika jiwe ndiye aliyegawa maji, na ndiye aliyesikiliza malalamiko. Mtu mmoja, kazi tatu. Hata awe malaika, mkimpa hizo zote mmekwisha."

Makofi yalitikisa mabati. Mama Felista, mjane anayelea wajukuu, alipiga mpaka kanga ikamdondoka begani. Nilishuka mlima jioni ile nikiwa na furaha ya kipumbavu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa ni lazima nieleze habari ya mfongo. Mfongo ni mfereji wa asili unaotoa maji mtoni na kuyaleta mashambani kwa zamu, na pale kwetu ulikuwa na bwawa dogo lenye lango la chuma. Mkuu wa mfongo, mshika ufunguo wa lango hilo, alikuwa mzee ambaye magoti yalishamkataa, na mwaka ule ule akaomba kupumzika. Wasomaji wangu ndio waliompigia Deo debe. Walisema kijana aliyemchambua nyani namna ile hawezi kuwa nyani. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Deo alianza vizuri mno. Alifungua kundi la simu, zamu zikatangazwa humo, na hakuna aliyegombana. Halafu akapendekeza mgawaji wa maji, ambaye alikuwa mtu mwingine na mzee pia, apumzike, naye Deo ataibeba kazi hiyo bila malipo. Mkutano ukapiga makofi. Halafu mzee wa kusikiliza malalamiko naye akapumzishwa, kwa sababu malalamiko yangeweza kutumwa kwa simu. Makofi tena. Halafu kundi la simu likafungwa ili "kupunguza kelele", na kuanzia siku ile yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika humo.

Mama Felista alisimama mkutanoni akauliza kwa nini zamu ya baba mdogo wa Deo inarudi mara mbili. Aliuliza kwa adabu tu. Wiki iliyofuata zamu yake mwenyewe ilisogezwa mbele, na iliyofuata ikasogezwa tena. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto.

Mama Felista alikuja maktaba bila kitabu cha kurudisha. "Mama Maktaba," alisema, "migomba yangu inakunja majani. Wale watoto hawana chakula kingine. Wewe anakuheshimu, twende ukaseme naye."

Tulimkuta Deo bwawani, ufunguo wa lango ukining'inia shingoni. "Shikamoo Mama Maktaba. Shikamoo Mama Felista. Karibuni," alisema, na adabu yake haikuwa na doa.

"Marahaba. Deo, mbona mama huyu hapati maji?"

"Zamu yake ipo, mama. Imesogea tu."

"Imesogea mpaka wapi?"

Akatabasamu.

"Wewe si ndiye uliyesema mtu mmoja, kazi tatu?"

"Ndiye mimi. Na kile kitabu nimekisoma tena na tena, mama. Nyani alikosea. Aliwafukuza waliolalamika, wakaenda kukaa pamoja na hasira zao. Mimi simfukuzi mtu. Yeye kazi zile mbili alizinyang'anya. Mimi nimepewa na watu wenyewe, mkutanoni. Hata wewe ulikuwepo."

Nilitazama ule ufunguo. Maisha yangu yote niliamini kwamba anayesoma habari za dhalimu atamchukia dhalimu. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kusoma hadithi ile kama fundi anavyokagua ukuta wa mwenzake ulioanguka, ili wa kwake usianguke. Mama Felista alinishika mkono akasema, "Twende." Nadhani aliona nataka kulia.

Nilimpigia simu Mkutubi wa Mkoa wa wakati huo, mama mkali aliyekuwa bosi wangu wa mwisho, nikamweleza yote. Akaniambia, "Bi. Rukia, sisi tunaazimisha vitabu. Hatuazimishi dhamiri." Nilikata simu kwa hasira, na hasira yenyewe ilitokana na kwamba alisema kweli.

Lakini mfongo hausafishwi na mkuu wake. Mvua moja kubwa ilinyesha juu msituni, kwetu chini hata tone, na mto ukaleta mawe na tope ukaziba mdomo wa mfereji. Ikiwa hivyo, siku hutangazwa na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Deo akatangaza kwenye kundi lake, na faini juu. Mama Felista hakuweza kujibu humo, kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu. "Mimi siendi kusafisha njia ya maji yasiyofika kwangu," aliwaambia. "Ninyi fanyeni mnavyoona."

Siku hiyo nilipanda mapema kwenda kushuhudia. Deo alikuwa peke yake mtoni, tope magotini, akichimba na kutazama njia, akichimba na kutazama njia. Hata baba yake mdogo hakutokea. Nilipomuuliza Mzee Anseli, mtetezi wa nyani, kwa nini naye amekaa nyumbani, alinijibu bila aibu, "Nyani wa kitabuni alikuwa na mpango. Huyu juzi amegusa zamu yangu." Nilicheka huku nimeshangaa.

Mgomo ule uliwaumiza wote. Mfereji ukawa mkavu, na kila kihamba kikanyong'onyea, cha mwenye haki na cha mwenye makosa. Niliogopa kwamba watachoka kabla yake. Hawakuchoka. Jumapili moja baada ya misa Deo aliweka ufunguo mezani mbele ya wazee akaondoka. Kazi tatu zikapewa watu watatu, majembe yakatoka, maji yakashuka. Baadhi ya migomba ya Mama Felista haikuinuka tena.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kikaoni, na kitabu kilikuwa kingine kabisa, Deo akaingia. Watu waliinamia vitabu vyao. Mtu mmoja aliweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki ili isikaliwe. Deo akabaki amesimama mlangoni, kisha akanyoosha mkono kuomba kusema.

"Huyo asiseme," Mzee Anseli alifoka. "Ameshasema vya kutosha!" Wengi wakaunga mkono. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, nami nikavua miwani nikaifuta. Kisha watu wote wakageuka kumtazama Mama Felista.

"Mwacheni aseme," alisema. Akauondoa ule mkoba, akasogea.

Deo alitazama mabenchi yote. "Sina maoni," alisema mwishowe. "Nimekuja kusikiliza." Akakaa.

Sasa nimestaafu. Nakaa Rau, nafuga kuku, na wakutubi vijana huja kuniuliza kama kweli kitabu humbadilisha mtu. Nawaambia sijui, na hawalipendi jibu hilo. Nimeona kitabu kimoja kikisomwa na watu wale wale, mmoja akatoka na kufuli, mwingine akatoka na sijui nini.

Juzi Mama Felista alishuka kuniletea mkungu wa ndizi mchare. Tulikunywa chai, nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu siku ile: kwa nini alimpa nafasi mtu aliyekuwa tayari kuwaacha wajukuu wake na njaa. Nilitegemea aniambie habari za msamaha, maana ni mtu wa kanisa.

"Msamaha bado nautafuta," alisema. "Siku ile mliponigeukia wote, niliona kwamba nikisema atoke, atatoka. Na ninyi mtapiga makofi, kama mlivyompigia yeye. Niliogopa, Mama Maktaba."