Ufa Aliouziba kwa Mkono Wake

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minne amesimama katika chumba kitupu cha nyumba inayouzwa, sikio kaliegemeza ukutani. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anasogea hatua moja, anagonga tena. Safari hii ukuta unaitika kama debe tupu.

Mtaani wanamwita Mama Gonga. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi rangi. Miaka miwili iliyopita aliacha, na sasa hufuatana na wanunuzi kukagua nyumba kabla hawajatoa ofa. Si mkaguzi mwenye cheti, na hilo hulisema mapema.

"Mimi nakuonyesha pa kutilia shaka. Ukishapata shaka, unamleta mwenye cheti apime. Elfu ishirini yangu na nauli, basi."

Leo ameitwa na muuguzi ambaye kwa miaka kumi na tisa amejinyima ili apate nyumba ya kuishi na mama yake mzazi. Mwenye nyumba anataka milioni arobaini. Dalali keshatazama saa mara nne.

"Mama, kuna mteja mwingine anakuja saa tano, pesa mkononi," anamwambia muuguzi. "Ukichelewa usinilaumu."

"Aje tu," anajibu Mama Gonga bila kugeuka. "Atanikuta bado nagonga."

Huyo mteja wa saa tano hakosekani katika nyumba yoyote. Kazi yake ni kumkimbiza mtu asiinamie sinki, asifungue kabati, asiulize kwa nini rangi ni mbichi chumba kimoja tu. Chema chajiuza, lakini kibaya siku hizi hakijitembezi tena, kina dalali.

Chini ya dirisha la chumba cha nyuma, mkono wa Mama Gonga unasita. Anapapasa. Anatazama mlango, anatazama uani, kisha anakaa sakafuni kabisa.

"Nyumba hii naijua," anasema polepole. "Wamebadilisha geti na kujenga ukuta mbele, ndiyo maana sikuitambua."

Dalali anacheka. "Kumbe ndiwe uliyeipaka, fundi! Kazi yako mwenyewe hiyo, isifie basi."

Mama Gonga hacheki. Anamtazama muuguzi.

"Mdogo wangu, hapa pana ufa. Unatoka kwenye msingi mpaka kona ya dirisha, vidole vilikuwa vinaingia. Niliuziba mimi, miaka mitatu iliyopita, nyumba ilipokuwa inauzwa."

"Na ulijua kwamba ni msingi?"

"Nilijua."

"Ukalala usingizi?"

"Nililala. Nilikuwa nimelipwa."

Muuguzi anageukia dirisha.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Dalali humwita fundi wiki moja kabla ya wanunuzi kuanza kuja. Ufa unajazwa puti, ukungu unapigwa rangi, penye unyevu panasukumiwa kabati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumwona dalali anayeziba ufa ili ukuta akajenge mwingine.

Mama Gonga aliacha siku mdogo wake wa tumbo moja alipouziwa nyumba ya namna hiyo, iliyopakwa na fundi mwenzake, na mvua ya kwanza ikaangusha dari ya jikoni. "Nilikwenda kumgombeza yule fundi. Akaniuliza, wewe zako uliwahi kuzitangaza? Tangu siku hiyo sikushika brashi tena."

Muuguzi anatoa ofa yake. Milioni ishirini na sita, na iandikwe kwamba halipi hata senti kabla mkaguzi mwenye cheti hajafukua msingi na kuupima. Ripoti ikiwa mbaya, anajitoa bila kudaiwa chochote.

Dalali anampigia mwenye nyumba na kuweka simu kwa sauti, labda akidhani itamtisha mteja.

"Mwambie aende," sauti inafoka. "Na mimi niliuziwa hivyohivyo kwa bei kamili. Nani alinihurumia?"

Kwa hiyo anajua! Anajua tangu mvua zake za kwanza humo ndani, na dawa aliyoiona ni kumtafuta mjinga wa kumrithisha. Na hakuna anayeona haya.

Getini, muuguzi anamlipa Mama Gonga elfu ishirini yake. "Umeniokoa, dada," anamwambia. "Ila bado nina hasira na wewe." Anarudi kwenye chumba chake cha kupanga.

Siku tatu baadaye kibao cha "Nyumba Inauzwa" kimeng'olewa. Majirani wanasema wamenunua mke na mume vijana, milioni arobaini taslimu, bila mkaguzi. Waliambiwa kuna mteja mwingine.

Mwandishi wa habari hii anamkuta Mama Gonga nje ya geti lile. Dalali keshampigia simu kumwonya kwamba akiingilia biashara za watu atashtakiwa. "Anishtaki. Nikipandishwa kizimbani nitamuuliza hakimu naye nyumba yake ilipakwa lini," anasema, halafu anacheka peke yake.

Anataka iwepo sheria kwamba nyumba isipakwe rangi ya kuuzia kabla haijakaguliwa. Hajui itapatikana lini. Wakati akiisubiri, amekusudia kurudi katika kila nyumba anayokumbuka kuificha ubovu, abishe hodi na aseme. Anakumbuka kumi na moja, na ameamua kuanza na hii.

Dirisha la chumba cha nyuma liko wazi. Chini yake, pale ukutani, wenye nyumba wapya wameshaweka kitanda cha mtoto.

"Kwanza nitawaambia wakiondoe pale," anasema, akinyoosha mkono kubisha. "Matusi watanitukana baadaye."